Jeneza Lililosubiri Kuchekwa

Jumamosi iliyopita tulimzika Katuba, mtu niliyefanya naye kazi katika ofisi ya mahesabu ya umeme. Homa haikumpa nafasi ya kujitetea. Wengi mlimjua kwa kofia yake nyeupe, aliyoivaa hata chini ya mvua. Mimi nilimjua kwa hesabu zake, na tena alikuwa mtani wangu: ukoo wetu na ukoo wao ni banungwe, watu wanaotukanana bila kukasirikiana, na wanaozikana. Ni hilo la kuzikana linalonifanya niandike leo nikiona haya.

Kazi yetu ilikuwa kukadiria joto. Nyaya za transfoma kubwa huzamishwa ndani ya tangi la mafuta. Umeme ukipita, nyaya hupata moto, mafuta huuchukua moto huo na kuupeleka kwenye kuta za tangi, na upepo huumaliza. Kipimajoto husoma mafuta tu. Ndani ya nyaya hafiki mtu, kwa hiyo tulikaa tukilitafuta kwa hesabu joto lisiloonekana. Katuba alijiona bingwa. Mwaka mmoja alihakikisha kwamba transfoma fulani ingeweza kuongezewa mzigo bila shida, kumbe joto la hewa alilipima mwezi wa sita, wakati wa baridi, tena kivulini kwenye baraza ya ofisi. Mwezi wa kumi ulipofika, jua likapiga ukuta wa mabati nyuma ya tangi, na kengele ya hatari ikalia mchana kweupe. Alikimbia, akaweka kiganja kwenye tangi, akakiondoa upesi, akatutangazia bila aibu: "Ingali baridi! Muongeze muzigo!" Injinia Mzungu alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu hapo kila asubuhi nilimsalimu, "Munungwe, mafuta iko salama?" Naye hakushindwa: "Iko salama. Kichwa yako ndiyo inachemka, unawaza-waza sana."

Sasa, kwao jeneza halitoki uani kabla mtani hajamcheka marehemu. Zamu ilikuwa yangu, na mjane alikuwa ametuma mtu kunikumbusha. Mzaha wangu ulikuwa tayari, huo wa kiganja. Lakini uani nilimwona padri, nikamwona na yule injinia, amesimama peke yake juani, kofia mkononi. Nikaanza kuwaza. Watasema diploma yangu imenifaa nini? Watasema ni mshenzi aliyevaa tai? Na kama hakuna atakayecheka, je? Nikasogea mbele, nikatoa pole kwa Kifaransa, sentensi ndefu iliyonyooka. Wabeba jeneza hawakuinama kulinyanyua.

"Umemaliza?" mjane akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kifaransa atapata kwa padri. Weye umucheke, atoke!"

Nikabaki nikiinyoosha tai. Shangazi yangu, ambaye transfoma anaijua kwa masimulizi yangu ya mezani tu, akanisukuma pembeni. Akaivaa ile kofia nyeupe ya marehemu, iliyokuwa imewekwa juu ya jeneza, akaweka kiganja kwenye ubao, akaruka nyuma akijipuliza vidole. "Ingali baridi! Muongeze muzigo!"

Uani kukalipuka kicheko. Mjane alicheka mpaka akashikiliwa, kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akalia kwa sauti. Padri aligeuza uso, mabega yakimtikisika. Injinia aliomba atafsiriwe, akaikumbuka siku ile, akacheka huku akifuta macho. Jeneza likatoka.

Mafuta hupata moto polepole: mzigo huongezwa sasa, kipimajoto hupanda baadaye. Aibu nayo haikunipata pale uani. Ilinipata nyumbani, nilipokuwa ninavua tai. Mama yule alikuwa na moto ndani, nami nilimletea maneno mazuri yasiyoufikia. Nililinda uso wangu mbele ya watu wawili ambao hata hawakuwa wananitazama.

Tuko wengi mjini hapa, vijana wenye vyeti vinavyonuka wino mpya, tunaofikiri kuendelea ni kuacha kuchekesha msibani. Lakini uchungu unahitaji kitu cha kuubeba utoke nje, na wahenga walimwachia mtani kazi hiyo. Akinyamaza kwa kuogopa macho ya watu, anayeungua si yeye.

Mjane ameniletea salamu: siku ya kuondoa matanga nije, na tai niiache nyumbani. Nitakwenda. Kofia nyeupe bado iko kwa shangazi, na nimekwisha kumwomba anifundishe namna ya kuivaa.