Vichwa Sita Ukunguni

Kimanga ya miaka ile ya hamsini, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, ilikuwa na mafundi tele, lakini mtu wa hesabu alikuwa mmoja: Evariste Bigirimana. Alifundisha hesabu shule ya mapadri miaka saba, kisha akaacha kazi, akajenga tanuri lake la matofali. Watu wakasema amerukwa na akili. Wapi! Ukimwonyesha kiwanja, alikizunguka mara moja, akafumba macho, akasema: elfu sita mia tatu na arobaini. Nyumba ikiisha, yanabaki matofali mawili matatu ya kukalia. Namba ya uongo haikuwahi kutoka kinywani mwake, hata kwa mzaha. Jioni alichora hesabu zake ngumu kwa kijiti juu ya matofali mabichi, kwa raha zake tu. Ziko nyumba Kimanga zenye hesabu hizo ndani ya kuta, na wenyewe hawajui.

Kitu kimoja hakukihesabu: watoto wake. Mkewe Léocadie alimwapisha kabla ya ndoa, maana mama yake alimfundisha kwamba mtoto akihesabiwa, kifo kinasikia na kuja kumchukua. Evariste hakuamini hata kidogo. Lakini aliapa, na muungwana ni vitendo. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Wapo, Mungu ashukuriwe."

Kila Jumapili baada ya misa aliipandisha familia nzima milimani, juu ya Uvira. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kuni hamukate, mbuzi hamuchunge, munafuata nini kule?" Alifuata upepo, na ndege, na kuliona ziwa lote kwa mara moja. Léocadie yeye alifuata watoto, kwa sababu kubaki nyumbani akiwaza magenge ya mawe ya huko kulimshinda.

Jumapili moja ya mwaka 1955, wakiwa wanashuka, ukungu uliwafunika ghafula. Yesu wangu, ukungu gani ule! Mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Evariste alitangulia na fimbo, Léocadie akawa nyuma, na watoto katikati.

"Muko wote?" aliita Léocadie.

"Tuko wote!"

Akaita tena, wakaitika tena. Mara ya tatu alisikia itikio limepungua.

"Baba Cyprien, simama! Kuna kitu."

Kuwaita kwa majina hakukufaa. Ukilitaja jina la mtu katika ukungu wa mlimani, anaitika asiye mtu. Evariste alirudi akipapasa mpaka akamfikia. "Uniruhusu nihesabu."

"Weye uliapa!"

"Niliapa, ndiyo maana naomba."

Chini bondeni mto Kalimabenge uliunguruma. Léocadie aliwaza haraka. Mume avunje kiapo? Hapana. Basi dhambi aibebe yeye. Akanyoosha mkono, akagusa kichwa kimoja kimoja, akitamka kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akapapasa tena. Hakukuwa na kingine, na yeye alizaa saba.

"Spès!" alipiga kelele, ukungu au si ukungu. Alikuwa kitinda mimba, wa miaka minne; kichwa cha kimo chake hakukigusa.

Evariste alirudi juu mbio. Alimkuta ukingoni mwa genge akichuma matunda ya mwitu, mguu mmoja ukining'inia hewani. Alimbeba mgongoni, wakafika nyumbani wote.

Wengine wangefanya sherehe. Léocadie hofu ndiyo kwanza ilianza. Spès alipona, naye hakuhesabiwa. Lakini wale sita amewahesabu mwenyewe, kwa kinywa chake! Nani kati yao? Mmoja akikohoa, yeye jasho. Mwingine akienda kuoga ziwani, yeye anasimama ufukweni mpaka atoke. Miaka miwili mizima hakulala usingizi wa mtu mwenye amani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwaka 1957, mvua za Novemba, kichomi kilimwangusha Evariste. Alikonda, pumzi zikawa fupi. Aliona mke hamtazami yeye tu. Anawatazama na watoto.

"Mama Cyprien, ungali unaogopa ile siku?"

"Minye naogopa kila siku. Sasa kifo iko mlangoni. Kitamuchukua nani?"

Evariste alimvuta karibu. "Kichwa cha kwanza ulichogusa kilikuwa changu. Niliinama mbele yako kukaza kamba ya kiatu. Ulianza na minye. Kifo kikipata wa kwanza kinatosheka, hakirudi tena. Mama yako hakukuambia?"

Mama hakumwambia. Lakini Evariste na namba hakuna mchezo, naye akaamini. Siku ya tatu akamzika. Alilia mpaka sauti ikakauka, na usiku ule, tusimlaumu jamani, alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ule ukungu.

Miezi ikapita, watoto wakacheza, na mama hakuwafuata ufukweni. Siku moja, akichambua maharage uani, mkono wake ulijikuta ukipanga punje juu ya ungo. Sita, wale aliowagusa. Akaongeza moja, Spès. Saba. Alizaa saba. Akashika punje nyingine, ya mume wake, akatafuta mahali pa kuiweka kati ya zile sita. Hapakuwepo, maana vichwa vyote sita vilikuwa vya watoto.

Akabaki ameishika kiganjani, akilia upya. Hesabu moja tu Evariste aliikosea maishani, na aliikosea akijua.