Miezi Mitatu ya Baba Jikoni

Mafuta ya mawese yanapoanza kupata moto hutoa harufu nzito, na ukikaa karibu na sufuria harufu hiyo huingia kwenye nywele na kwenye kola ya gauni ikabaki huko mpaka kesho yake. Nyumbani kwetu Makere jiko lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kimeezekwa kwa nyasi, na kuta zake za ndani zilikuwa nyeusi na zenye kung'aa kwa moshi wa miaka mingi. Lilikuwa jiko la mama. Baba ndiye aliyelijenga, lakini sikumbuki kumwona akiinama kupita mlango wake mpaka mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, masika yalipokuwa yamekolea na mama akapelekwa hospitali Kibondo.

Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimemtoka zikiwa zimefika miezi sita, na safari hii waliompima walimwambia asirudi nyumbani kabla ya kujifungua. Alale, asibebe ndoo, asishike jembe. Shangazi yetu aliyekuwa akiishi Kibondo alikubali kumpelekea chakula wodini. Baba alimsindikiza, akarudi siku ya pili na basi la mchana akiwa amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, akatukalisha barazani sote watatu: mimi, Yoeli mwenye miaka sita, na Tabitha ambaye alikuwa hajatimiza mitatu. "Mama yenu atakaa kule mpaka mtoto afike," alisema. "Sisi tutakaa hapa." Kisha akaingia ndani kubadilisha shati. Nilidhani kuna maneno mengine yatafuata, lakini yalikuwa yameishia hapo.

Baba alikuwa mkulima wa maharage na mahindi, na pia mzee wa kanisa. Wakati ule cheo hicho hapo kwetu kilikuwa kikubwa. Yeye ndiye aliyesoma Neno Jumapili kwa sauti yake nene isiyo na haraka, ndiye aliyebeba sinia la mkate wakati wa Meza ya Bwana, na watu waliogombana kuhusu mipaka ya mashamba walikuja kwake kabla ya kwenda serikalini. Mwanamume wa namna hiyo hakuwa na shughuli jikoni. Kwa wiki ya kwanza majirani walituletea vyakula kwenye mabakuli yaliyofunikwa. Wiki ya pili mabakuli yakapungua, kwa kuwa palizi ilikuwa imeanza na kila mtu alikuwa na shamba lake. Ndipo bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Manyovu.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kufunga kitenge juu ya kitenge, na alikuja na mpango uliokamilika. Yoeli aende kwa baba mdogo Kasulu. Tabitha aende naye Manyovu. Mimi nibaki nyumbani kumpikia baba, na shule ingeningoja. Aliyasema hayo mbele yetu huku akichambua maharage kwenye ungo, wala hakukuwa na ubaya katika sauti yake; katika ukoo wetu watoto wengi waligawanywa hivyo wakakua salama.

"Ester ana miaka tisa," alisema. "Mimi katika umri huo nilikuwa nasonga ugali wa watu kumi."

"Ester yuko darasa la tatu," baba akajibu.

"Na wewe utakula nini?"

"Nitapika."

Bibi aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, kana kwamba hakusikia vizuri, "Nani atapika?" Bibi alikaa siku tatu, akaondoka amenuna.

Hivyo baba alianza kupika, na kwa kweli alipika vibaya. Maharage yake yalikuwa magumu katikati. Ugali ulikuwa na mabonge ambayo Yoeli aliyatoa kwa kidole na kuyapanga ukingoni mwa sahani. Mboga aliikaanga mpaka ikawa nyeusi, kisha akaongeza maji ili kuficha. Alipika kwa namna alivyolima, kimya na kwa nguvu, mikono ya shati imekunjwa, na mara nyingi alifunga mlango wa jiko ili wapita njia wasimwone, akatoka macho yakiwa mekundu kwa moshi. Sala ya chakula ilirefuka. Zamani aliomba maneno machache tu. Sasa aliwataja wagonjwa wote wa wodi ya mama, wasafiri, wajane na viongozi, sisi tukiwa tumefumba macho na kuhisi ugali unapoa. Yoeli aliamini kwamba baba anayasubiri maharage yaendelee kuiva ndani ya bakuli. Huenda hakukosea.

Katika mwezi wa pili tangu mama aondoke, unga wa muhogo uliisha. Mama alikuwa ameacha debe limejaa, nasi tulikuwa tumelimaliza. Baba aling'oa muhogo shambani, akaumenya, akauloweka kwenye pipa kama alivyomwona mama akifanya miaka yote. Wanaolima muhogo mchungu wanajua kwamba ni lazima ukae majini siku tatu au nne, mpaka ulainike na kuanza kunuka, ndipo uanikwe na kutwangwa; sumu yake hutoka polepole. Baba alijua kwamba unalowekwa. Hakujua ni kwa muda gani, na hakuuliza. Mvua ilikuwa hainyamazi, unga haukuwepo, kwa hiyo kesho yake asubuhi aliutoa, akaukatakata vipande vyembamba, akaukausha juu ya moto na kuutwanga.

Ugali ule tuliula siku ya Alhamisi, mchana, tuliporudi kutoka shule. Nakumbuka ulikuwa na uchungu ulioshika nyuma ya ulimi, na kwamba nilisema, "Baba, ni mchungu," naye akasema, "Changanya na mchuzi." Tabitha, ambaye kwa kawaida alikuwa mgumu wa kula, siku hiyo alikula sana kwa sababu kulikuwa na dagaa. Muda mfupi baadaye kichwa kilianza kuniuma. Yoeli alitapika mlangoni. Tabitha alitapika mara mbili, kisha akalegea, shingo ikawa haisimami, na midomo yake ikawa na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu. Baba alimwinua, akamfunga kifuani kwa kitenge cha mama kilichokuwa kwenye kamba, akamshika Yoeli mkono, akaniambia nishike shati lake, tukaenda zahanati. Alitembea kwa kasi kiasi kwamba mimi nilikuwa nakimbia. Mvua ilinyesha njia nzima. Watu waliokuwa wamejikinga barazani walimwona mzee wa kanisa akipita na mtoto amefungwa kwa kitenge cha kike, wala hakumsalimu mtu.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Alimlaza Tabitha, akafungua jicho lake kwa kidole, akauliza tumekula nini.

"Ugali na dagaa," baba alisema.

"Wa muhogo?"

"Ndiyo."

"Uliuloweka siku ngapi?"

Baba alikuwa amesimama, maji yakimtiririka. "Usiku mmoja," akasema. Muuguzi hakumgombeza. Alimtundikia Tabitha dripu, mimi na Yoeli akatupa maji ya sukari tunywe kidogo kidogo, na baba akasimama pale pale mpaka mtu akamletea kiti. Tabitha aliamka Ijumaa asubuhi, akaomba uji.

Habari ilifika Manyovu kabla ya dripu kuisha. Jumamosi bibi alikuwa uani kwetu, na safari hii hakukaa chini. Alisema atawachukua watoto wote wawili wadogo siku hiyo hiyo. Nilitegemea baba akatae kama mwanzo. Hakukataa. Alisema tu, "Mama, nipe mpaka kesho ibada iishe," na bibi, labda kwa sababu alikuwa amemwona Tabitha anatembea, akakubali. Jioni ile bibi alizikunja nguo zao ndani ya mfuko mmoja, akauweka karibu na mlango. Yoeli aliuzunguka ule mfuko kila alipopita.

Kanisani kwetu, baada ya nyimbo, ulikuwepo muda wa ushuhuda. Watu walisimama kushukuru kwa safari njema au kwa homa iliyopona. Jumapili ile baba alisimama kutoka kwenye kiti chake cha mbele, kiti cha wazee, akageuka kutazama watu. Nilikuwa nimempakata Tabitha upande wa wanawake, bibi akiwa kulia kwangu. Baba alisema, kwa sauti ile ile aliyosomea Neno, "Wengi mmesikia watoto wangu waliugua. Hawakurogwa. Niliwalisha muhogo uliokaa majini usiku mmoja. Niliona haya kumuuliza mwanamke yeyote kati yenu muhogo unalowekwa siku ngapi. Kwa haya hiyo ningezika mtoto. Namwomba Mungu anisamehe, na naomba mmoja wenu anifundishe kupika." Akakaa.

Hapakuwa na haleluya. Kijana mmoja kwenye kwaya alicheka, akakatisha. Mwanamume mmoja aliguna. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Nilikuwa mtoto na niliona aibu. Ningependa kusema nilijivunia, lakini sivyo ilivyokuwa.

Jumatatu asubuhi alikuja Mama Skola, mjane aliyeishi ng'ambo ya kijito, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakimbeba mgongoni. Alikuja na mchi wake mwenyewe. Alimsalimia bibi kwa heshima, kisha akamwambia baba, "Baba Ester, lete majani ya muhogo, machanga, yale ya juu." Wakatwanga sombe pale uani, mlango wa jiko ukiwa wazi. Alimwonyesha jinsi ya kuitwanga mpaka iwe laini, kuichemsha muda mrefu bila kufunika, kisha kutia mawese na karanga. Baba aliposhika mwiko kwa namna ya koleo, Mama Skola akamgonga mkono kidogo. Bibi alikaa kwenye kigoda akitazama. Walipofikia hatua ya chumvi hakuweza kuvumilia, akainuka na kumnyang'anya mwanawe kijiko. "Si hivyo," alisema, "unatia mwishoni." Jumatano alirudi Manyovu peke yake. Mfuko wa nguo ulibaki mlangoni mpaka mimi nilipoufungua.

Mama alirudi mwezi Juni, akiwa na mdogo wetu, mtoto wa kiume, amefungwa mpaka puani. Baba alikuwa hajamwambia lolote. Aliyemwambia ni abiria mwenzake ndani ya basi. Mama aliingia, akamshika Tabitha, akamgeuza, akamtazama masikio na meno kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akamuuliza baba, "Kwa nini hukunitumia habari?"

"Ungetoka kitandani ukaja."

"Ningekuja."

"Ndiyo maana," baba alisema.

Mama hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alimwomba achochee moto, na kuanzia hapo walipika wakipokezana, bila kikao chochote cha kuamua hivyo. Jumamosi zilikuwa za baba.

Jambo moja sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa. Mwaka ule, kwa sababu alikuwa akipika jioni, baba alikosa vikao vya wazee vya kila Jumatano na maombi ya Ijumaa. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ulipofika jina lake halikutajwa. Hakuna aliyemsema vibaya na hakuna aliyeeleza. Alihama kiti cha mbele akakaa benchi la nne, upande wa dirisha, na miaka yote tangu wakati huo hajarudi mbele.

Sasa mimi ni mwalimu Kibondo na nina watoto wawili. Napikia gesi, unga nanunua sokoni, na mume wangu hupika wali siku ninazochelewa bila yeyote kugeuza shingo. Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya ndoa kanisani. Mhubiri kijana alituambia kwamba yeye huwaogesha watoto wake na humsaidia mkewe kumenya vitunguu, na kanisa zima likapiga makofi, wanaume kwa wanawake. Nami nilipiga. Ni jambo jema, na sioni sababu ya kumnyima.

Wiki iliyofuata nilikwenda Makere, nikampa baba habari ya semina ile. Anasikia vibaya siku hizi, kwa hiyo niliisimulia kwa sauti kubwa, mama akiwa kando anacheka. Nilimuuliza kama hakuumia walipomwondoa kwenye uzee wa kanisa.

"Kazi ile ilikuwa inataka mtu mwenye nafasi," alisema. "Mimi nilikuwa na watoto watatu wanaosubiri kula."

Kisha akauliza yule mhubiri ana watoto wangapi. Nikamwambia wawili. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi bado ana nafasi ya vikao."