Kidani cha Kuazima

Katika mtaa wetu wa Lamu hapakuwa na bibi arusi aliyetolewa mbele ya wanawake kwa dhahabu ya kwao peke yake. Hata matajiri waliazima. Vikuku vilitoka nyumba hii, vipuli nyumba ile, na arusi ilipokwisha kila kitu kilirudi kwa mwenyewe kimeoshwa, kimefukizwa udi, kimefungwa katika kitambaa kipya. Adabu ilikuwa kirudi kiking'aa kuliko kilivyokuja. Na mwenyewe naye alikuwa na adabu yake: hakukifungua kitambaa mbele yako, maana kukifungua ni kukuita mwizi. Alikiweka pembeni akaagiza kahawa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mjane mmoja asiye na mtoto. Dari lake lilivuja na nguo zake zilikuwa mbili, moja mwilini na moja kambani. Lakini alikuwa na kidani cha lulu. Marehemu mumewe alikuwa akichuuza nguo kwa wavuvi wa Kizingitini na Ndau, na kila alipomkuta mtu aliyeokota lulu ndani ya chaza, alibadilishana naye kwa kitambaa. Ilimchukua miaka mingi kukikamilisha, na alipokikamilisha hakuishi sana.

Kidani kile ndicho kilichomfanya mjane awe mtu mbele ya watu. Aliyetaka kuoza binti alianza kwake, akaketi, akamwuliza hali, akampelekea sahani ya chakula. Siku ya arusi mwenye kidani aliketishwa mbele, karibu na bibi arusi. Pasipo zile lulu, nani angebisha mlango wake? Hata sisi watoto tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sote.

Dada yangu alipoolewa, mama alikwenda kukiazima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na arusi ilipokwisha nilipewa kazi ya kuosha mapambo. Zamani kazi hiyo haikuwa yetu. Lakini ndiyo kwanza watumwa walikuwa wamepewa uhuru wao, na wetu, mwanamke wa makamo aliyenibeba mgongoni, alikuwa amefunga virago vyake akaenda Mbwajumali kulima shamba lake mwenyewe. Mama alilia, kisha akakasirika, kisha akasema kuosha vikuku si elimu ya kusafiriwa.

"Dhahabu huoshwa kwa ndimu," aliniambia. Basi nilikamua ndimu mpaka vidole vikaniwasha, nikajaza bakuli la kaure. Kidani nilikitia kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na heshima zaidi, nikakiacha muda mrefu kuliko vyote, tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Lulu zilitoa vipovu vidogo vidogo. Niliinama nikavitazama nikafurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Sijapata kujipongeza tena namna ile maishani.

Nilipokitoa, vifungo vya dhahabu vilikuwa vinawaka. Lulu zilikuwa nyeupe kavu, kama macho ya samaki aliyepikwa.

Mama alikishika kidani, akakipeleka kwenye mwanga, akakirudisha.

"Umefanya nni?" aliniuliza.

"Nimeosha, mama."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliketi chini pale pale uani, na mimi nikaketi mbele yake, tukakitazama kidani kama watu waliokaa na maiti.

Tulijaribu yote tuliyoyajua, nayo hayakuwa mengi. Tulizipaka mafuta ya nazi, zikang'aa, yalipokauka zikafa upya. Tukazisugua kwa unga wa mchele. Mama akakumbuka aliwahi kusikia kwamba lulu ikimezwa na jogoo hurudi na nuru yake. Tukachomoa moja, tukaificha ndani ya tonge la wali, tukampa jogoo, naye akaipokea bila maswali. Alichinjwa kabla ya alasiri. Lulu tuliikuta katika firigisi, imesagika, ndogo kuliko ilivyoingia. Mama alicheka kicheko kibaya, akaitunga tena katika uzi wake. Jogoo tulimla kwa sababu chakula hakitupwi.

Ndipo mama akamtuma jamaa yetu mmoja, aliyekuwa na safari ya Pate, apite Mbwajumali amwulize yule mwanamke wetu wa zamani. Zilipita siku tano. Jibu lilikuja kwa mdomo: lulu haioshwi, hupanguswa kwa kitambaa kikavu ivuliwapo shingoni, na iliyokufa imekufa. Kisha aliuliza kama mimi ni mzima. Miaka yote alikuwa na ujuzi huo, na nyumba nzima hapakuwa na aliyemwuliza hata neno moja. Tulikuwa tukimwagiza tu. Mama alisikiliza ujumbe mpaka mwisho akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tulikirudisha kidani baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwa ameapa kusema kweli, na njia nzima nilimsikia akinong'ona maneno aliyokusudia kuyasema. Mjane alitupokea kwa furaha. Alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakiweka juu ya mto kando yake, asikifungue, kama ilivyo ada. Alimwombea dada yangu uzazi mwema.

"Kilimpendeza," alisema. "Wallahi, kilimpendeza kuliko wote."

Mama alifungua kinywa, akakifunga. Kahawa ikaja. Akafungua tena, akasema kahawa ni nzuri. Mimi nilikuwa nikikitazama kile kitambaa. Kama angekifungua tu! Lakini alikuwa mwanamke mwenye adabu, nasi tulikuwa watu wenye adabu, na adabu ikatufunga vinywa sote watatu. Tulipotoka mama alisema, "Kesho nitamwambia." Hakumwambia kesho wala kesho kutwa.

Siri ilidumu mpaka arusi iliyofuata. Watu walikwenda kuazima, wakafunguliwa, wakaona, wakashukuru, wakaenda kwa mwingine aliyekuwa na kidani kilichotoka Bara Hindi. Wa pili wakafanya vile vile. Wa tatu hawakwenda. Mjane hakumtaja mtu. Hapakuwa na aliyetulaumu, hapakuwa na ugomvi ambao tungeweza kuuingia tukapatana. Nilipita mlangoni pake kila siku nikienda chuoni kusoma Kurani, na hapakuwa na viatu vya wageni kizingitini.

Mama alianza kumpelekea sahani ya chakula kila Ijumaa. Lakini kwetu sahani hairudishwi tupu. Ilirudi na zabibu kidogo, mara nyingine na ndizi mbili, na mara moja na kipande cha sukari guru ambacho tulijua hakubakiwa na kingine. Ukarimu wetu ulikuwa unamla. Mama alipolifahamu hilo akaacha kupeleka, na kuacha nako kukaonekana kama kumtupa. Sikujua lililo jema ni lipi, na mpaka leo sijui.

Zamu yangu ya kuolewa ilipofika, nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikwenda kwake mwenyewe, bila kumwambia mama.

"Bi, nimekuya kuazima kidani."

Alinitazama kwa upole. "Mtu huazima kitu akikitaka, mwanangu. Wewe wakitaka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Badala yake nikaanza kulia.

"Nisamehe, Bi. Ni mimi niliyezitia ndimu."

"Nilijua siku ile ile. Kitambaa kilinuka ndimu, nanyi hamjamaliza kahawa." Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Ulikuwa mtoto. Nimekusamehe zamani. Lakini kidani hiki hakitoki tena nde."

"Basi ndoo arusini," nilimwalika.

"Nitakuya," alisema.

Bibi arusi wa kwetu huketishwa juu ya kiti macho yamefumbwa, mikono magotini, wanawake wamtazame. Haangalii, hatabasamu, hasemi. Shingoni nilikuwa na kile kidani cha Bara Hindi, na mwenyewe alikuwa mbele, nikisikia vikuku vyake kila alipopiga makofi. Nilifumbua jicho kidogo. Mjane alikuwa mlangoni, palipovuliwa viatu, amekunja miguu ili wanaoingia wapate kupita. Mwanamke mmoja alimkanyaga upindo, naye akaomba radhi yeye aliyekanyagwa.

Mbele palikuwa na nafasi. Niliiona. Ilitosha mtu mmoja, tena mwembamba kama yeye. Neno moja tu kutoka kwangu na wangemleta. Midomo yangu ilianza kufunguka, na mama, aliyekuwa kando ya kiti, akanibana goti.

"Fumba mato," alininong'oneza. "Watu wakutazama."

Nikayafumba.