Muhogo Wetu wa Darini

Siku niliyomaliza eda sikwenda popote wanakodhani watu. Nilioga, nikavaa, nikapanda ngazi. Kutoka mlango wetu wa ghorofa ya saba hadi darini ni vidato kumi na vinane, na kwa miezi minne na siku kumi sikuwa nimekanyaga hata kimoja, kwa sababu niliambiwa darini ni nje.

Huko juu ni paa tupu la zege, na mume wangu alikuwa amelifanya shamba. Alikusanya masanduku meupe mepesi wanamopakiwa samaki, yale ambayo wauzaji wa soko la nyuma ya jengo letu huyatupa kila asubuhi. Aliyatoboa chini kwa msumari wa moto, akayajaza udongo aliokuwa akiupandisha ghorofa nane kwa mifuko ya mchele. Yalikuwa masanduku kumi na manne na ndoo moja kubwa ya rangi. Ubavuni mwa kila moja aliandika kwa kalamu ya wino mzito alama yetu ya mizigo, herufi mbili na nyota, ileile aliyoiandika kwenye kila robota la mteja aliyepitia mikononi mwake. Alikuwa ajenti hapa Guangzhou, Uchina. Aliwapeleka wafanyabiashara waliotoka nyumbani kwenye masoko ya jumla: Shahe kwa nguo, Zhongda kwa vitambaa, Shiling kwa mikoba. Katika kazi hiyo mzigo wenye alama ya mtu hauguswi. Unaweza kukaa ghalani miezi, watu wakaupita, wakaukalia, wakala chakula juu yake, lakini hakuna anayeufungua.

Nilikuta udongo umepasuka na kujitenga na kuta za masanduku. Mchicha ulikuwa umelala, una rangi ya katoni. Bamia zilisimama vijiti vitupu, maganda wazi, mbegu zimemwagika chini. Na ndani ya ndoo ya rangi, muhogo wake ulikuwa fimbo. Haukuwa na jani hata moja. Nilikwangua gome kwa ukucha nione kama ndani ni kijani. Palikuwa pakavu, pa kahawia. Nikakwangua chini zaidi. Kahawia. Nikachimba udongo kidogo, nikakwangua karibu na mzizi. Hivyohivyo.

Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa nimekuwa na subira nzuri.

Muhogo ule hakuununua. Miaka michache nyuma alikuwa kwenye gari la kukodi na wateja wawili wa mikoba, wanakwenda Shiling, akaona mihogo imesimama pembeni ya barabara kwenye kishamba cha mtu. Akamwambia dereva simama. Wateja wakaja juu, wakamwambia wamelipa waende kununua mikoba, si kulima. Yeye akashuka, akaongea na mwenye shamba kwa mikono, akarudi na fimbo mbili kwapani, amechafuka viatu. Alinisimulia huku anacheka hadi anashika kiuno. Mimi nilimwambia ana wazimu. Alizikata vipande vya urefu wa shubiri, akavichomeka kwa kulalia upande, macho yakitazama juu, na nikamwuliza kwa nini havisimami kama miti mingine. "Muhogo hauamrishwi kusimama," akasema. "Unajiinukia wenyewe." Baada ya miezi tulikuwa tunakula kisamvu katika mji ambao watu wetu wote walikuwa wakisema kisamvu hakipatikani.

Alifariki mwishoni mwa mwezi wa tisa. Alikuwa na presha, na vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya tu. Nilikuwa nikimwambia. Si kila siku. Siku nyingine nilinyamaza kwa kuwa nilichoka kugombana, na hilo sitalificha. Alibeba majora ya vitambaa pale Zhongda na mteja ambaye hakutaka kumwita mchukuzi, akarudi nyumbani akalala mchana, hakuamka. Wanaume wetu wakamzika hapahapa. Nami nikakaa eda ndani ya nyumba alimofia, kama inavyotakiwa.

Aliyenihudumia ni mwanamke mwenzetu wa ghorofa ya tatu, mzaliwa wa Dar, anayefanya biashara ya nguo za Shahe. Siku ya tatu nilimwambia nataka kupanda darini kumwagia mimea maji. Akanikodolea macho.

"Darini? Darini ni nje, shoga. Ngazi zile wanapanda wanaume watupu."

"Ni vidato kumi na vinane tu."

"Hata kimoja. Utamharibia marehemu. Kaa ndani, mimi nipo."

Nikakaa. Nilisoma hadi darasa la saba na madrasa nikaachia juzuu ya pili, na yeye alisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuuliza mtu mwingine. Ningeweza kupiga simu nyumbani, simu nilikuwa nayo mkononi kutwa. Nilijiambia mvua itanyesha. Lakini nimekaa Guangzhou muda wa kutosha kujua kwamba kuanzia mwezi wa kumi hadi mwaka mpya mvua hapa ni ya kubahatisha. Nililala chini ya shamba lile usiku na mchana nikilijua linakauka.

Nilipiga simu baadaye, eda imekwisha, kwa mwalimu aliyenifundisha madrasa. Aliniambia mjane huruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake, sembuse kupanda juu ya jengo analoishi. Kisha akauliza, kwa upole wa kuumiza, "Kwa nini hukuuliza mwanzoni, mwanangu?" Nilimshukuru, nikakata simu. 

Basi mwezi wa pili ulipofika mwishoni, baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, nikaanza kupanga upya. Ni msimu wa unyevu. Kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo zinakaa siku nne kambani na bado zina harufu. Kwa mbegu ni wakati mzuri. Nilichukua daftari lake, nikachora masanduku kumi na manne kama alivyokuwa akichora. Matano ya mchicha. Sita ya bamia, kwa zile mbegu nilizoziokota sakafuni moja moja. Matatu ya matembele, kwani vikonyo vyake vinauzwa sokoni hapa nyuma. Kona ya ndoo nikaiacha wazi kwenye karatasi. Nilitaka kitu kimoja tu, muhogo ule, na ndicho nilichokosa. Nilipanda basi hadi Shiling kuutafuta. Nilipita barabara ileile aliyonisimulia, nikairudia kwa miguu. Pale kwenye kishamba pamejengwa ghala, na mlinzi akanipungia mkono niondoke.

Asubuhi moja nikavunja udongo mkavu kwa mwiko wa chuma. Mzee mmoja wa Kichina, jirani wa ghorofa ya tano, naye ana mboga zake upande wa pili wa paa. Yeye na mume wangu walikuwa wakipeana miche bila lugha ya kueleweana. Huniita laobanniang, yaani mke wa bosi, ingawa bosi hatukuwahi kuwa. Aliponiona akatoa simu yake, akaisemea, simu ikazungumza Kiswahili kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka:

"Dada yako alikuja kila wiki. Alichukua majani. Mimi nilifikiri dada anatunza. Mimi samahani sana."

Nikamwuliza kwa ishara: dada gani? Akaonyesha kilemba kichwani, akaonyesha vidole vitatu. Ghorofa ya tatu. Kisha akaonyesha muhogo mkavu, akafanya mikono kama mtu anayekonyoa.

Nilikaa juu ya sanduku. Kila Ijumaa, isipokuwa wiki za mwisho za eda yangu, mwanamke yule aliniletea kisamvu cha nazi. Nilikisifu. Nilimwombea dua. Sikuuliza kimetoka wapi. Na mzee huyu, ambaye angemwagia maji bila kuombwa, hakumwagia kwa sababu aliona mimea ina mwenyewe, na mwenyewe anakuja na mfuko.

Nilishuka hadi ghorofa ya tatu bila kunawa mikono. Alifungua mlango anatabasamu.

"Haya, dada angu, ndo kutoka huko! Nuru imekurudi usoni."

"Kisamvu ulichokuwa ukiniletea ulikichuma wapi?"

"Kipi tena?"

"Cha kila Ijumaa."

Akatazama mikono yangu yenye udongo. "Si cha kwenu hukohuko juu. Ningekitoa wapi mimi? Shahe wanauza kisamvu?"

"Kwa hiyo wewe unapanda, mimi ndiyo haramu."

"Mimi sikuwa eda, shoga."

Ilikuwa kweli, na niliichukia kweli ile.

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Wiki kwa wiki unachuma. Hukumwagia hata kikombe?"

"Jamani! Mimi nimezaliwa Kariakoo, ghorofani. Mti nao unapewa maji? Nilijua kazi ya mvua hiyo."

"Masanduku yana alama yetu," nikasema. "Wewe ni mfanyabiashara. Ungekuta robota lenye alama ya mtu ghalani, ungelifungua?"

Hapo tabasamu likamtoka.   Nilikuwa sijawahi kumfokea mtu mzima maishani mwangu, na siku hiyo nilifoka nikitaja mambo mengi ambayo hayakuwa yake. Nilimtajia yule mteja wa Zhongda. Nilimtajia vidonge. Nilimwambia ameniulia mume mara ya pili, neno ambalo halikuwa haki, na nilijua si haki wakati linatoka.

"Ulikuwa huli," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Umesahau. Wali ulirudisha, samaki ulirudisha. Kisamvu ndicho pekee kilichopita kooni. Ningekwambia cha huko juu, ungekula?"

Nisingekula.

"Na hayo ya darini ni nje, nani alikufundisha?"

"Mama yangu alikaa eda chumba kimoja, hata uani hakutoka. Mimi najua hivyo. Kama nimekosea, nimekosea, dada. Usinitazame hivyo."

Kabla ya kugeuka kuondoka nilitupa jicho ndani nyuma yake, na hapo ndipo nilipoona. Barazani kwake, ile baraza nyembamba yenye nondo, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa mwisho mmoja kwenye nondo, na mwisho mwingine kwenye fimbo iliyochomekwa ndani ya ndoo ya sabuni iliyojazwa kokoto na udongo. Fimbo ilikuwa na majani. Machache, ya kijani kibichi, kila moja limetandaza vidole vyake.

"Ile nini?"

"Ile? Fimbo ya kamba. Niliikata hukohuko juu nilipokuwa nachuma. Ikaota yenyewe, mi' naiangalia tu, nasema hii nayo vipi."

Kamba ilikuwa na nguo mbichi, zinadondosha maji ndani ya ndoo, tone kwa tone. Mwanamke asiyejua kwamba mti unataka maji alikuwa ameumwagilia majira yote ya baridi kwa kufua nguo zake.

Sikucheka. Najua ni jambo la kuchekesha, na mume wangu angeshika kiuno. Nilipanda hadi kwangu, nikashuka na kisu.

"Anua nguo zako," nikamwambia.

Alianua haraka haraka, zingine kwapani, zingine begani. "Sasa unataka kuukata? Si utakufa?"

"Muhogo ndivyo unavyopandwa."

Fimbo ilinifika kiunoni. Nilipotia kisu maziwa yalitoka, meupe, yakanata kwenye vidole. Nikapata vipande vitatu vizuri, na nikaacha kisiki chenye mizizi ndani ya ndoo yake, kwa sababu kuking'oa kungekuwa ubaya mtupu. Kisha nikamwomba kalamu yake ya kuandikia mizigo. Nikapiga magoti barazani kwake na kuandika ubavuni mwa ndoo ya sabuni herufi mbili na nyota. Alisimama na nguo zake mbichi, akiitazama alama.

Nilivipanda siku ileile kwenye ndoo ya rangi, baada ya kuutoa ule mti mkavu na kuubadilisha udongo. Kwa kulalia upande, macho juu. Nilibana udongo kwa kiganja kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mzee wa ghorofa ya tano alikuja na kopo la maji akasimama mbali, akisubiri nimpe ruhusa. Nikampa.

Kipande kimoja kilioza wiki ya tatu, nilikivuta kikaja na harufu. Viwili vilikaa kimya. Yule mwanamke sasa hupanda darini kila Ijumaa na ndoo ya maji. Nilimwambia hilo ni lake hadi nitakaposema basi, naye hakubisha. Hatuongei zaidi ya salamu. Watu wetu wameambiana, na wawili wamekuja kunishauri nimsamehe kwani mwezi mtukufu umekaribia. Nimewapa chai. Sijawapa jibu.

Ijumaa iliyopita nilisikia kandambili zake zinashuka mbio, akagonga mlango kwa ngumi. Alikuwa anahema, kilemba kimelegea.

"Dada! Kimoja kimetoa jicho! Jekundu, hivi," akanionyesha ncha ya kidole. "Njoo uone!"

Nilikuwa na mikono ndani ya unga. Nilimtazama pale mlangoni, amelowa maji hadi magotini.

"Usichume," nikamwambia, nikaenda kunawa.