Siku Tatu za Baba Mzazi

Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka saba katika jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bunda kabla sijasoma karatasi iliyobandikwa ukutani, karibu na meza ya daftari la mahudhurio. Ilikuwa pale siku zote, rangi imeshapauka, na nusu yake ilifunikwa na kalenda ya wauza mbegu. Siku hiyo umeme ulikatika katikati ya zamu. Mashine zikanyamaza, wenzangu wakatoka kukaa kivulini, mimi nikabaki mlangoni nikimsubiri msimamizi anisainie kibali cha kuchukua buti mpya. Kwa kukosa la kufanya, nikainua kalenda nikasoma.

Ilieleza haki za wafanyakazi kwa mujibu wa sheria ya ajira na mahusiano kazini. Kulikuwa na habari za saa za kazi, mapumziko, likizo ya mwaka. Mengi niliyajua kwa kuyaishi. Nilipofika chini, kwenye ile sehemu iliyofichwa, nikakuta kwamba mwanaume aliyepata mtoto ana haki ya likizo yenye malipo isiyopungua siku tatu, mradi aichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na mradi awe ndiye baba wa mtoto huyo. Nikasoma tena. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Niseme nilivyowapokea hao wawili. Wa kwanza alizaliwa nikiwa kazini. Nilipofika nyumbani ameshaogeshwa na kufungwa kwenye khanga, mama yangu na mdogo wake mke wangu wamejaa chumbani. Nikapewa mtoto nimshike kidogo, kama mgeni anavyopewa chai, halafu nikaambiwa nitoke watu wafanye kazi. Kesho yake nikaingia zamu. Wa pili ikawa vilevile. Sikuona ubaya wowote. Wanaume wote ninaowajua walipokea watoto wao namna hiyo.

Safari hii mambo yalikaa vingine. Mama, ambaye anaishi kijijini upande wa Butiama, alikuwa anamuuguza baba aliyeteleza akavunjika mguu. Shemeji yangu, huyo mdogo wake mke wangu, aliyekuwa akitokea Kiabakari kila mara kuja kutusaidia, alikuwa amejifungua mwenyewe wiki chache nyuma. Nyumba yetu ya Kabasa ilibaki na mimi, mke wangu na watoto wawili wa shule ya msingi.

Jioni ile nilimwambia mke wangu nilichosoma. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchicha, maana yeye anauza mbogamboga sokoni.

"Hiyo itakuwa ya watu wa serikali," akasema.

"Imebandikwa kwetu jineri."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi, nadhani."

"Miaka saba hujaisoma?"

"Ilikuwa nyuma ya kalenda."

Alicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa. Halafu akaendelea kuchagua majani. "Na mimi wa sokoni," akasema, "likizo yangu imebandikwa wapi?"

Yeye hana mwajiri. Siku asipopanga mafungu yake mezani, siku hiyo imekwenda. Tulichofanya ni kuongea na mama wa meza ya jirani, ambaye alikubali kumuuzia na kumshikia nafasi yake mpaka arudi, kwa sababu mke wangu aliwahi kumfanyia hivyo alipofiwa.

Mtoto alikuja siku ya Alhamisi. Asubuhi nilimpeleka mke wangu kituo cha afya kwa bajaji, nikakaa naye mpaka muuguzi akaniambia bado sana, niende tu, watanipigia. Nikaingia zamu ya mchana. Saa kumi kasoro simu ikaita mfukoni: mtoto wa kike, mama yuko salama. Nikazima mashine yangu, ile ya kukandamiza pamba na kufunga marobota, nikamfuata msimamizi wa zamu.

Msimamizi wetu ni mzee wa makamo, ana watoto wanane, mtu mkali lakini hana kinyongo. Alinipa mkono wa pongezi. Nikamwambia naomba siku tatu za uzazi.

Akaniangalia. "Umezaa wewe?"

Waliokuwa karibu wakacheka.

"Amezaa mke wangu. Lakini ni haki ya baba pia, mzee. Ipo pale ukutani."

"Mimi nimepata watoto wanane," akasema, "na sijawahi kukosaga zamu hata moja. Utaenda kunyonyesha?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, maana ilichekesha. Lakini sikuondoka pale. Nilibaki nimesimama mpaka akachoka kuniangalia, akasema basi niende kwa meneja, yeye hayo hayawezi.

Meneja wetu wa wakati ule alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Shinyanga, aliyekulia kwenye pamba na kuijua kuliko sisi wote. Nilimkuta anaandika. Nikaeleza, na jasho lilikuwa linanitoka kuliko nikiwa kwenye mashine.

"Kaa, baba," akasema. "Tangu nianze kuongoza watu, hakuna mwanaume aliyewahi kuniomba hii."

Nikadhani ndiyo nimekataliwa. Lakini alichukua simu akampigia afisa kazi kule Musoma, akauliza, akasikiliza, akaandika mambo mawili matatu. Alipokata simu akavua miwani.

"Ni kweli. Wala si hisani yangu, ni haki yako. Utaniletea tangazo la kizazi kutoka kituo cha afya, niwe na uthibitisho. Hiyo nayo ni haki yangu."

"Sawa, mama."

"Sasa na mimi nina la kusema. Unaona malori yaliyopanga foleni huko nje. Mashine ya marobota mnaijua watu wawili tu, na mwenzako ametoka zamu ya asubuhi. Ukiniambia unaanza sasa hivi, nenda, nitasimamisha kazi, siwezi kukuzuia. Lakini sheria imekupa siku saba za kuchagua. Ukianza kesho, na leo ukamfundisha mtu, utakuwa umenisaidia sana. Unaonaje?"

Nilikuwa bado naisikia ile "unaonaje". Kwa miaka saba nilikuwa nimeambiwa niende huku, nije huku, na mara nyingi nilikubali kwa sababu kazi ni kazi. Kuulizwa sikuwahi.

"Nitaanza kesho, mama," nikasema. "Ila niruhusu niwaone kwanza."

"Nenda, kwa saa moja tu, urudi."

Nilienda mbio. Nilimkuta mke wangu amelala ubavu, amechoka, na mtoto ana nywele nyingi zimelala upande mmoja. Nikamwambia wamekubali. Akanitazama kama anayedhani ninamfariji tu.

Niliporudi nikamfundisha mama mmoja aliyekuwa akishona vitambaa vya kufungia marobota. Alikuwa anaiangalia ile mashine kila siku kutoka kwenye kiti chake, kumbe alishajua nusu ya kazi. Nilimwonyesha wapi pa kuweka mikono na wapi pa kutoweka, na namna ya kusikiliza sauti inapobadilika. Msimamizi alikuja akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

Barua ya likizo ilikuwa fupi. Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu. Jumapili haikuhesabiwa, meneja alisema hiyo ni siku yangu ya mapumziko, hawezi kunipa mara mbili kitu ambacho tayari ni changu.

Ijumaa asubuhi wakawaruhusu kutoka kituoni. Na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui lolote. Uji wa kwanza niliupika ukashika chini. Wa pili ulikuwa na mabonge. Wa tatu mke wangu alikunywa, akasema umeiva, akaomba sukari. Nilienda bombani na ndoo mbili, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakanipisha mbele, si kwa heshima, ni kwa kutaka wanione vizuri. Mmoja akauliza mgonjwa ni nani nyumbani. Nikasema hakuna mgonjwa, kuna mzazi. Wakatazamana.

Nepi za mtoto nilifua hivyo hivyo, nikianza kwa kugeuza uso pembeni, baadaye nikazoea. Kumwogesha ndiko kulikonitisha. Mikono yangu imezoea chuma. Mke wangu alikaa kitandani akinielekeza: mshike shingo, si hivyo, weka mkono chini, usimwogope, hatavunjika. Mtoto alilia wakati wote, na mimi nilitamani kulia pia. Jumamosi alilia kidogo. Nilitafuta sato wawili wazuri nikapika supu yenye ndimu, na watoto wakubwa walisema ni tamu kuliko ya mama yao. Mama yao akasema wakumbuke ataamka kitandani siku si nyingi.

Mchana huo, baada ya kula, mke wangu alilala. Tulikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa, na sikuwahi kumwona amelala jua likiwaka. Alilala na mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Niliweka kiti mlangoni nikamshika mtoto, na kila aliyepita kusalimia nilimjibu kwa kunong'ona.

Jumapili mama alifika kutoka Butiama, ameacha mtu wa kumwangalia baba kwa siku moja. Alikuja na kuku na unga wa mtama. Alinikuta naanika nepi kwenye kamba. Hakunisalimia. Aliweka mizigo chini, akasimama.

Mama huniitaga Tata, yaani baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Tata," akasema taratibu, "kazini wamekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Mke wako anajua?"

"Niko likizo. Sheria inampa baba siku tatu mtoto akizaliwa."

Hakuamini. Aliingia ndani akamuuliza mke wangu, na mke wangu akatoa barua chini ya mto akamsomea kwa sauti, mpaka pale penye sahihi. Mama akaomba asomewe tena. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akampakata mjukuu wake.

"Yaani wanakulipa ukae na mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Mimi siku ya nne tangu nikuzae wewe nilikuwa shambani napalilia pamba. Nilikulaza kwenye tuta." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda mahali. Akamgeuza mtoto, akamkagua kitovu, masikio, vidole. "Nani kamwogesha huyu?"

"Mimi."

"Umemwachia sabuni nyuma ya sikio," akasema. Lakini hakumwogesha yeye. Alinikalisha, akanionyesha, akanirudishia mtoto nimalizie.

Jumanne nilirudi kazini na tangazo la kizazi mkononi. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa imekwama mara moja tu, na yule mama wa kushona alikuwa ameikwamua mwenyewe bila kumwita mtu. Msimu ulipokwisha akapewa kazi hiyo rasmi, na mkataba wake ukaandikwa upya. Kwa hiyo tukawa watatu tunaoijua.

Baada yangu, wanaume wengine nao wakaomba. Mmoja aliomba mara mbili katika msimu mmoja, kwa watoto wawili waliozaliwa, kwa maelezo yake, wakipishana wiki tano. Meneja akamwomba tangazo la kizazi la huyo wa pili, na hakuwa nalo. Mwenzetu akaja juu kwamba ananyanyaswa, akatuita kwenye kikao cha tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Tulimsikiliza mpaka mwisho, halafu mwenyekiti wetu akamwambia waziwazi kwamba hapo mwajiri hajakosea. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akatuambia mwenyewe kwamba alikuwa anataka kwenda kuangalia mpira Musoma. Tulimcheka sana, na meneja aliposikia naye alicheka, ingawa barua ya onyo alimwandikia.

Binti yangu sasa anakimbia. Nikirudi kazini hunijia kwanza mimi kabla sijavua buti, na mama yake anasema ni kwa sababu ya zile siku tatu. Mimi sidhani mtoto anaweza kukumbuka hayo. Anayekumbuka ni mimi. Najua alilala upande gani, najua kilio chake cha njaa kilivyokuwa tofauti na cha usingizi.

Juzi hapa, tukiwa tumekaa nje, nilimuuliza mke wangu hao wakubwa wawili walikuwaje siku zile za mwanzo. Akashangaa kidogo kwamba nauliza leo. Kisha akasogeza kiti, akaanza na yule wa kwanza: kwamba hakutaka kunyonya siku nzima, na kwamba mama yangu alimwimbia mpaka akakubali. Nilikuwa sijui. Akaendelea kunisimulia, na mimi nikawa namuuliza, mpaka watoto wakaja kusema wana njaa.