Stelingi kwenye Mikoba Mia Nne na Themanini

Duka la diski lilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la bidhaa za jumla pale mtaa wa Xiaobei, China. Upana wake ulikuwa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Mwenyewe alikuwa Mchina wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi, na diski zake alizisimamisha kwenye maboksi ya viatu kama mafaili ya ardhi. Nilipita pale kila nikitoka kwa wakala wa mizigo. Mtu akikaa wiki tatu ugenini akisubiri viwanda vimalize oda yake, ama anatazama filamu ama anatazama dari, na dari ya hoteli yangu nilikuwa nimeshaimaliza.

Siku ya kwanza alinionyesha jalada lenye watu wawili, mwanamume na mwanamke, wote wamelowa mvua. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya namba. Akaweka kidole juu ya mwanamke, akaniangalia. Akakihamishia kwa mwanamume, akaniangalia tena. Ndivyo wanavyouliza kule kwa kila kitu: rangi hii au hii? Zipu hii au hii? Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza jambo hilo waziwazi namna ile. Nyumbani waliniuliza nitaoa lini. Yupi, hawakuuliza.

Nikaweka kidole juu ya mwanamume.

Hakushtuka wala hakucheka. Alirudisha boksi lile mahali pake, akavuta jingine kutoka chini ya meza, akanisogezea. Mteja kachagua, basi.

Humo ndimo nilimomkuta. Jina lake silitaji hapa, kwa mazoea tu, maana miaka ile nilikuwa silitaji popote. Alikuwa mwimbaji wa Kikantoni aliyeigiza pia, uso mwembamba, nywele zimefunika jicho moja kana kwamba la pili analiweka akiba.

Sikuelewa neno hata moja alilosema. Ila mimi ni mtu wa kuhesabu, na pasipo lugha hesabu husaidia. Filamu ya kwanza niliitazama na saa mkononi. Yeye na mchumba wake walikaa pamoja kwenye skrini dakika kumi na moja. Yeye na rafiki yake, yule mwenye pikipiki, walikaa dakika arobaini na saba. Nikarudia, kwa kuwa sijawahi kuamini hesabu ya kwanza ya mtu yeyote, yangu ikiwemo. Mara ya pili zikawa arobaini na nane. Kumbe pale walipofungana bendeji nilikuwa nimesahau kuangalia saa.

Sasa nikawa najiuliza: hii filamu inamhusu nani? Jaladani yupo mwanamke. Ndani ya filamu mwanamke anafungua mlango, anaweka supu mezani, anaondoka. Je, aliyeitengeneza alikuwa anajua alichokitengeneza? Au kila mtu China anajua, na wamekubaliana kutosema, kama sisi na mambo yetu?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Dar tuna kanuni moja: stelingi, shujaa wa filamu, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, dakika ya mwisho lazima umwone anatembea. Huyu wangu alikuwa anakufa. Katika filamu zake kumi na mbili alikufa saba. Nane, ukihesabu ile ambamo alipanda basi na hakurudi. Na kwenye nyimbo pia hakuwa kama wale niliowazoea. Stelingi wa Kihindi huimba mvua nzima bila kupata mafua. Vijana wetu wa Bongo Fleva wakati ule kila wimbo walikuwa wanatangaza walichonacho. Huyu aliimba kama mtu anayerudisha kitu ambacho hataki kukirudisha, anakishika kidogo mlangoni, anakiangalia.

Basi nikakata picha yake kwenye jarida. Amesimama mbele ya ukuta wa vigae, mkoba wa ngozi begani. Nikaiweka ndani ya pasi yangu ya kusafiria, nyuma ya ukurasa wa viza, ikakaa miezi saba, safari baada ya safari.

Shida ilianzia kwenye mkoba huo.

Nilikuwa nanunua mikoba ya kike Shiling, mji wa viwanda vya ngozi, kwa mama mmoja mwenye kiwanda. Wenye viwanda wote tunawaita laoban, awe mwanamume au mwanamke. Alivaa mikono ya ziada ya kitambaa kukinga nguo zake na gundi, na alitafuna mbegu za alizeti toka asubuhi hadi kufunga. Kazi ya Shiling ni rahisi kueleza: unapeleka mfano, unasema “yiyang”, yaani hivyo hivyo, na wao wanakutolea hivyo hivyo, mpaka uzi uliokatika. Siku hiyo mfano sikuwa nao. Nikatoa ile picha kwenye pasi, nikamwekea kidole kwenye mkoba begani mwa mtu: kifuniko kile, bizimu lile la pembeni.

“Yiyang?” akauliza.

“Yiyang.”

“Yote?”

“Yote, laoban.”

Mimi ambaye miezi saba niliutazama uso tu, siku hiyo niliutazama mkoba tu.

Baada ya wiki mbili nikarudi kukagua. Katoni ishirini, kila moja mikoba ishirini na minne. Mia nne na themanini. Nikahesabu tena, mia nne na themanini. Kifuniko safi, bizimu mahali pake. Na juu ya kila kifuniko, amechapishwa kwa rangi nyeusi na ya fedha, yeye. Nywele juu ya jicho. Mara mia nne na themanini.

Lazima nieleze kwa nini hilo lilikuwa balaa. Kontena nilikuwa nachangia na mzee mmoja wa Kizanzibari aliyehamia Kariakoo, jirani wa ukuta kwa ukuta na mama yangu. Nilimwita Ami ingawa hatukuwa na damu. Desturi yetu sisi wachangia kontena ni hii: kabla ya mzigo kwenda bandarini Huangpu, kila mmoja anafungua katoni za mwenzake. Mmoja akificha kitu kibaya, wote mnazuiliwa, kwa hiyo hakuna siri ndani ya katoni. Ami, ambaye naye alikuwa China safari hiyo, alikuwa anakuja asubuhi ya pili yake. Na kila Ijumaa baada ya swala Ami alimpigia mama yangu simu. Ami akijua, mama anajua. Mama akijua, mtaa unajua, na duka langu lilikuwa mtaani.

Nilimwambia laoban kwa Kiingereza chetu cha sokoni kwamba uso sikuuagiza.

“Wewe ulisema yote,” akajibu, akanionyesha kidole changu mwenyewe kama shahidi. “Hakuna shida, rafiki. Unafuta.”

Akachukua mkoba mmoja, akalowesha pamba kwa thina ya rangi, akaanza. Mdomo ukaondoka kwanza. Kisha pua. Ilikuwa kazi ya dakika moja, wasichana wake wanne wangemaliza mzigo wote kabla ya jua kuzama, nami nilijua bei ya kufuta ningeishusha hadi nusu bila hata kutoa kikokotoo mfukoni. Pamba ikafika kwenye jicho. Nikajikuta nimemshika laoban mkono. Neno lililonitoka lilikuwa lile la kukataa bei mbaya, sikuwa na jingine.

“Buyao,” nikasema. “Buyao, buyao.” Sitaki.

Alinitazama. Akatema ganda la mbegu. “Ndugu yako?”

“Hapana.”

“Unampenda?”

Hakuna aliyekuwa anatusikiliza, na yeye Kariakoo hakujui. “Ndiyo,” nikasema.

“Hata mimi!” Akacheka mpaka mikono ile ya kitambaa ikamshuka. Akaniambia alipokuja mjini kushona akiwa msichana, bwenini walikuwa wanane na picha ya mwimbaji huyu ilikuwa moja. Walipangiana zamu ya kulala kitanda kilichokuwa chini yake. Zamu yake ilikuwa Jumatano. Alisema Jumatano kwa namna ambayo mpaka leo nikiisikia siku hiyo namkumbuka.

“Na wewe?” akauliza. “Zamu yako lini?”

“Mimi nilikuwa peke yangu,” nikamwambia. “Kila siku.”

“Bahati,” akasema. Sikuwahi kulitazama hivyo.

Ami alifika kwa gari la kukodi, kofia yake imenyooka, tasbihi mkononi. Alifungua katoni ya kwanza, akatoa mkoba, akaugeuza, akavuta mishono. Akatoa wa pili. Akafungua katoni ya tano, kisha ya kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimeandaa jibu tangu alfajiri: ni modo wa matangazo ya kiwanda, Ami, Wachina hawa unawajua. Jibu zuri, jepesi, lisilolipiwa ushuru.

“Sasa huyu nani, yakhe?”

“Msanii,” nikasema. “Mwimbaji wa huku.”

“Mashuhuri?”

“Kwa wanaomjua.”

“Na weye wamjua?”

Jibu lile zuri lilikuwa bado mdomoni. Nikautazama mkoba uliofutwa, umelala pembeni na jicho lake moja, na jibu likagoma.

“Nina diski zake kumi na mbili, Ami. Laoban alinakili picha yangu. Nilikuwa naiweka kwenye pasi.”

“Ndani ya pasi?”

“Ndani ya pasi.”

“Mtu ndani ya pasi hutia dua.”

“Mimi nilitia hiyo.”

Ami akakaa juu ya katoni, jambo ambalo ni kosa, katoni za mikoba hazikaliwi, lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Tasbihi yake ikazunguka. Laoban akamletea chai, akaondoka kwa hatua za mtu anayefahamu.

“Siye Unguja enzi zetu,” akasema hatimaye, “tukikata picha ya stelingi wa Kihindi tukampelekea fundi. Twataka kola kama ile. Fundi akishashona, picha twaibandika ukutani.” Akapuliza chai. “Alikuwepo mmoja wetu habandiki ukutani. Yake akiitia ndani ya shati. Hapa.” Akagusa upande wa moyo.

“Alikuwa nani?”

“Rafiki yangu. Twali tukienda sinema pamoja, yeye hulia pale stelingi akiumia, mie nikimcheka. Siku moja kaondoka. Hakuniaga.” Alikunywa chai. “Nimekaa miaka yote nikijiuliza. Lau ningalimuuliza jambo, badala ya kumcheka, angalikaa?”

Nikasogea karibu. Nikasubiri.

“Basi weye nakuuliza.”

“Uliza, Ami.”

Nilikuwa nimeshashika pembe ya meza. Alinyanyua mkoba, akausogeza karibu na macho yake yenye mtoto wa jicho.

“Aimba vizuri?”

“Vizuri sana, Ami. Ila kwa huzuni.”

“Yaonekana,” akasema, akarudisha mkoba kwenye katoni na kuufunika kwa karatasi yake, taratibu. Kisha akatoa kalamu akaandika kwenye orodha ya mzigo: mikoba ya kike, yenye sura ya mtu, mia nne sabini na tisa. Ule uliofutwa niliubakisha. Ninao hadi leo, unatunza risiti.

Ijumaa yake alimpigia mama simu mbele yangu. “Mzima, bibi. Anakula. Kanunua mikoba mizuri… Ah, hilo la mke mie silijui, mie nashughulika na makontena. Akija muulize mwenyewe. Lakini muulize vizuri.”

Mikoba ilitoka Kariakoo haraka kuliko mzigo wowote niliowahi kuleta. Wanawake walimpa vyeo walivyojibunia. Mmoja alisema ni daktari wa dawa za Kichina. Mwingine alisema ni mtoto wa mfalme, anajua kabisa, alimwona kwenye tamthilia. Kwenye harusi moja pale Ilala nilimhesabu mikononi mwa watu mara tisa. Nikarudia, wakawa kumi. Wa kumi alikuwa kwenye mapaja ya mama yangu.

Nilienda kukaa kiti cha pembeni yake. Taarabu ilikuwa imesimama, wapigaji wanakunywa soda. Mama aliuweka mkoba wima, akapangusa kifuniko kwa ncha ya kanga.

“Ami yako kaniambia kuna la kukuuliza,” akasema. “Kaniambia niulize vizuri.” Akagonga uso ule kwa ukucha, polepole. “Huyu ndiye nani?”

Nikamtajia jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu anayenijua. Mama akalirudia, vibaya. Akalirudia tena, karibu.

Akausogeza mkoba kwenye mwanga wa taa.

“Mwembamba sana,” akasema. “Hali chakula?”