Kondoo wa Omwenga Siku ya Sabato

Omwenga anashona na kuuza sare za shule mjini Kisii, na nyumba yake iko Nyakoe. Ni mzee wa kanisa la Wasabato. Ana msimamo kwa mambo mengi, kuanzia urefu wa sketi za wanafunzi hadi namna ya kufunga geti, lakini hakuna linalompandisha mori kama moto unaowashwa siku ya Sabato. Kwake chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa kabla jua halijatua, kikatiwa kwenye hotipoti kibaki na joto, basi. Jiko la nyumba yake halijawahi kuwashwa siku hiyo tangu aoe, na jambo hilo amelisema kanisani mara nyingi kuliko watu walivyohitaji kulisikia.

Hotipoti yenyewe aliisifu kuliko baadhi ya wahubiri. Ilikuwa zawadi ya harusi. Kila Jumamosi mchana mkewe, Eucabeth, alitangulia nyumbani kuandaa meza huku Omwenga akibaki kwenye kikao cha wazee. Alipofika, kifuniko kilifunguliwa na mvuke ukapanda. Mara nyingi ilikuwa nyama ya kondoo, kwa sababu shemeji yake Ogoti anafuga kondoo Nyansiongo na hachoki kuleta mapaja. Watu wengi wa Nyakoe wakisikia kondoo hukunja pua. Wakila kwa Omwenga walilamba vidole. Naye aliwaeleza kwamba vyombo vya namna ile siku hizi havitengenezwi. Eucabeth alitikisa kichwa kukubali na kuwaongezea ugali.

Eucabeth alifariki mwaka jana kwa shinikizo la damu.

Mtoto wao ni mmoja, Gesare, karani wa chama cha wakulima wa chai kule Nyamira. Baada ya mazishi aliendelea kuja kila Sabato. Alifagia, akafua mapazia, akamwuliza baba yake habari za dawa zake za goti, lakini chakula hakugusa. "Nimeshiba, Tata," alisema, akimwita baba kwa Kikisii, na hakuna aliyemwona akila popote. Omwenga si mtu wa kuogopa ovyo, ila hili lilimtia hofu ya kweli. Leo hali, kesho haji. Angebaki na goti lake na mapazia safi.

Akaamua kupika kondoo, chakula ambacho Gesare alikua akigombania mifupa yake. Mara ya kwanza Gesare alichukua vipande viwili kwa adabu, akakitafuna kimoja kwa muda mrefu, akakirudisha kingine sahanini. Nyumba nzima ilikuwa ikinuka zizi tangu Ijumaa, na Omwenga akalaumu upishi wake.

Jumatatu Omwenga aliingia duka la jirani yake mjini, Dahabo, mama wa Kisomali anayeuza vitambaa.

"Mama Zaki, nyinyi mnakula kondoo kila siku na duka lako halinuki. Mnafanyaje?"

Dahabo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kunywa maji. "Mafuta, mzee. Harufu iko kwa mafuta. Toa yote, hata ile ngozi nyembamba kama karatasi. Usinunue kondoo mzee. Halafu weka ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, ilale kidogo."

"Halafu?"

"Halafu unapika, unakula."

Ijumaa iliyofuata Omwenga alifunga duka mapema. Alichuna mafuta kwa kisu cha kukatia vitambaa vya sare, akichukua muda ule ule anaochukua kwa kola. Alilowesha nyama kwa ndimu na tangawizi, akaikaanga taratibu mpaka ikakauka maji yake, akatia nyanya na dhania. Jua likiwa bado juu ya mikaratusi, alionja. Harufu haikuwepo. Alionja tena, kisha tena, hadi ikambidi ajikataze. Akatia kwenye hotipoti, akafunika, akalala na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

Sabato mchana alimketisha Gesare mezani, akaomba, akafungua kifuniko. Hakuna mvuke uliopanda. Mchuzi ulikuwa umeganda, mafuta meupe yamelala juu yake, na harufu ya kondoo ikatoka pale kana kwamba ilikuwa ikingoja kufunguliwa.

"Jana haikuwa hivi," Omwenga alisema. "Nakuapia. Hii hotipoti haijawahi kuniangusha."

Gesare aliweka kijiko chini.

"Tata, hiyo hotipoti iliharibika nikiwa darasa la sita. Haishiki moto. Mama alikuwa anatoka kanisani mbio, viatu mkononi, anawasha jiko la makaa huko nyuma, anapasha nyama, anairudisha humo kabla ufike. Kondoo akipoa ananuka, hata umpike na nini."

Omwenga alimkodolea macho. "Kila Sabato?"

"Kila Sabato ya kondoo. Ya maharagwe alikuwa anaiacha tu; yakipoa hayanuki, na wewe hukugundua."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwambia nini?"

Omwenga alijua vizuri sana angesema nini, kwa kuwa aliwahi kumwambia Jacinta wa kwaya maneno hayo hayo mbele ya watu, kosa la Jacinta likiwa kumpashia mtoto mchanga maziwa siku ya Sabato.

"Mimi sikuwa nimeshiba," Gesare alisema. "Nilikuwa siwezi kukaa hapa ukisifu hiyo kitu, na mama hayuko. Alikimbia miaka hiyo yote. Na mimi sitaki kukimbia hivyo."

Omwenga aliinuka. Gesare akadhani anakwenda chumbani kusali, maana ndivyo afanyavyo mambo yakimzidi. Alikwenda jikoni. Alimimina nyama kwenye sufuria, akawasha gesi mlango ukiwa wazi. Mke wa shemasi Machogu alikuwa akipita na Biblia yake kwapani. Akasimama, akatazama moto, akamtazama mwenye moto.

"Sabato njema," Omwenga alimwambia, na kuendelea kukoroga.

Mafuta yaliyeyuka, akayaengua kwa kijiko na kuyamwaga. Nyama ilipochemka aliipeleka mezani na sufuria yake. Gesare alikula akamaliza, kisha akasogeza sahani aongezewe. Omwenga alimtilia mfupa mkubwa, na hapo machozi yakamtoka, mwanaume mzima, upawa mkononi.

"Bado inanuka kidogo, Tata," Gesare alisema akiwa ameushika mfupa kwa mikono miwili. "Ijumaa nitatoka kazini mapema. Tutoe hayo mafuta pamoja."